Biadi dragoni wa binti yangu: ledabeki, haipo, heti 66%... nimchukue yupi?

BabaSalma_Ohio

Wakuu salaam. Naomba msaada kabla sijatoa hela yangu Jumamosi.

Nipo Columbus, Ohio, mwenyeji wa Tanga. Binti yangu ana miaka 11 na tangu mwaka jana wimbo wake hapa nyumbani ni mmoja tu, anataka biadi dragoni, yule mjusi wa Australia mwenye ndevu za miiba, akikasirika zinavimba na kuwa nyeusi ti. Mwanzo nilikataa kabisa, kwetu mjusi hafugwi, mjusi anafukuzwa na fagio, lakini mtoto kasoma, kajaza daftari zima, kaweka hela ya Idi mbili bila kugusa, nikaona huyu kadhamiria nikakubali.

Jumapili tukaenda kwenye maonyesho ya reptilia na hapo ndipo nilipopotea. Mi nilidhani biadi ni biadi. Kumbe kila boksi lina kikaratasi chenye majina ya aina kwa Kiingereza, ledabeki, haipo (hypo), transi, ziro, sitrasi, heti 66%, bei zinapanda kutoka dola 60 hadi zaidi ya 400 na kwa macho yangu mimi wote ni mijusi. Muuzaji anaongea haraka haraka, watu wamejaa, nikaishia kutingisha kichwa tu.

Tumebaki na watatu. Wa kwanza dola 60, wa kawaida, kahawia, miiba mgongoni kama kawaida, huyu alikuwa anakimbiza nyenje mpaka anajigonga kwenye kioo. Wa pili dola 180, kikaratasi kinasema ledabeki heti haipo 66%, mgongo umelainika kiasi na chini ya taa yao alikuwa anang'aa rangi ya chungwa. Wa tatu dola 250, wanamwita silkibeki, hana magamba kabisa, ukimgusa ni kama kitambaa cha hariri, na binti akampenda huyo palepale. Muuzaji kasema anatushikia wote mpaka Jumamosi.

Ninachouliza: nitajuaje kilichoandikwa ni kweli, hizo tofauti za bei zinatokana na nini hasa, na kwa mtoto wa miaka 11 anayeanza nimchukue yupi? Nawasilisha.

MzeeWaKioo

Karibu sana mkuu. Nafuga biadi mwaka wa tisa huu, niko Leicester Uingereza, wamepita mikononi mwangu wanne na mmoja bado ninaye. Nitaandika kirefu, unisamehe, maana hili swali linawaumiza watu wengi mfukoni.

Kwanza elewa wote watatu ni mnyama mmoja, Pogona vitticeps. Australia ilishafunga biashara ya kusafirisha wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa walioko Marekani na Ulaya wote ni uzao wa kufugwa, vizazi na vizazi, na humo katika kuzalishana ndo mabadiliko ya jeni yakajitokeza, watu wakayadaka na kuyapa majina. Ndo hizo mofu. Taa ni ileile, chakula kilekile, tabia haitofautiani kwa mofu. Wa dola 60 na wa dola 400 wote wanaishi miaka 8 hadi 12 ukiwatunza vizuri, isipokuwa huyo silkibeki, yeye ana habari yake na kuna dada humu najua atakuja kueleza kuliko mimi.

Sasa kutambua. Usisome kikaratasi, angalia mnyama, na uanze na kucha. Haipo (naliandika hivihivi japo linachanganya, sio haipo ya kitu hakipo dukani) ni mjusi mwenye melanini kidogo, yaani ile rangi ya giza ya mwilini. Biadi wa kawaida kila ukucha una mstari mweusi au kahawia unaoshuka kwa ndani. Haipo wa kweli kucha zote 20 ziko wazi kama plastiki ya kalamu ya Bic, unaona mpaka mwanga unapita. Zote 20. Ukikuta hata mmoja una mstari basi huyo sio haipo wa kuonekana, hata muuzaji aape. Kwa mtoto wa biadi kucha ni ndogo sana, washa tochi ya simu kwa nyuma, piga picha, halafu vuta picha utaona vizuri. Na usichanganye na albino, haipo melanini anayo ila imepungua.

Halafu macho. Wa kawaida mboni yake imezungukwa na duara la rangi ya dhahabu au shaba. Transi, yaani translusenti, jicho zima jeusi kama punje ya fiwi, hamna duara. Transi wachanga pia tumbo linaonekana la samawati, na kope pia, watu wanalipia hiyo samawati wakidhani ni ya kudumu. Haidumu. Akikua inapotea.

Mgongo sasa. Pitisha kidole taratibu toka shingoni kwenda mkiani. Wa kawaida utasikia safu za miiba zimekatisha mgongo. Ledabeki hiyo miiba ya mgongoni hana, magamba ni madogo na yamelala, ila miiba ya ubavuni ile safu ya pembeni bado ipo na ya kichwani ipo. Silkibeki hana kokote. Kuna na Dunner, huyo magamba yake yameelekea ovyo kama nywele za mtoto aliyetoka kulala, miiba ya ndevu inatazama kila upande, na mkiani ana madoa badala ya pete. Ziro na Witblits hawana michoro mgongoni. Straipu ana mistari miwili imekwenda sambamba na uti wa mgongo. Hizo ndo za kuonekana kwa macho.

Rangi (nyekundu, sitrasi, chungwa) ni habari tofauti kabisa na hapa ndo nakuomba usitoe senti ya ziada. Rangi haitokani na jeni moja, ni ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na mtoto wa biadi rangi yake inatulia akikaribia mwaka. Yule wa chungwa uliyemuona, taa yao ilikuwa ya rangi gani? Maana wengi wanaweka balbu nyekundu. Halafu biadi mwenyewe anabadilika, wangu saa moja asubuhi akitoka kulala ni kahawia imekolea kama kahawa, anajifanya mweusi ili avute joto, saa nne akishaota vizuri huyo ni wa njano kama papai lililoiva. Mtu mmoja akimpiga picha saa moja na mwingine saa nne utasema mijusi wawili. Kwa hiyo rangi usiulize kwa mtoto, ulizia wazazi wake, waone wamesimama mchana kweupe.

Aisha_wa_Toronto

Shikamoo Mzee, asante kwa kunitaja. BabaSalma kaka yangu, huyo wa hariri mwache. Najua mtoto kashampenda, na mi nilimpenda vilevile, ndo maana nakwambia.

Nilinunua silkibeki miaka mitatu iliyopita kwa mfugaji mmoja huku Ontario, sitamtaja. Alikuwa mzuri, kijike, laini kama sikio la mbuzi mchanga. Hakuniambia kitu zaidi ya kwamba ni adimu. Magamba sio urembo kaka, magamba ndo ngozi ya kazi ya reptilia, yanashika maji mwilini, yanazuia mikwaruzo, yanamkinga na ule mwanga mkali anaouhitaji. Silkibeki hayo yote hana. Gogo la kupandia nililipiga msasa mwenyewe kwa mkono, na bado alijichana ubavuni. Nyenje mmoja kasahaulika usiku mmoja tu ndani ya kioo, yaani lile kasha la vioo la kumfugia, asubuhi nikamkuta katafunwa paja. Kujivua gamba kwake ilikuwa msiba, ngozi inakatika vipande vipande inabana vidoleni, unamloweka maji ya vuguvugu, unampaka mafuta, unabandua kwa pamba huku anakutazama. Akapoteza vidole viwili na ncha ya mkia, damu haipiti inakufa inakauka. Daktari alinipokea mara sita kwa mwaka. Aliishi mwaka mmoja na miezi nane.

Na sikia wanavyopatikana. Ledabeki ana nakala moja ya ile jeni. Silkibeki ana mbili. Ukipandisha ledabeki kwa ledabeki, kwa wastani robo ya watoto wanatoka silkibeki, nusu ledabeki, robo wa kawaida. Mfugaji makini anapandisha ledabeki kwa wa kawaida, anapata nusu ledabeki na hamna silkibeki hata mmoja. Kwa hiyo huyo muuzaji mwenye silkibeki mezani aliamua. Mi nisingempa hela yangu hata kwa hao wengine wawili bila kumhoji vizuri.

Mwambie binti ukweli wote, usimfiche, miaka 11 anaelewa. Mwonyeshe picha za vidole vilivyokauka kama ana moyo, aamue mwenyewe.

BabaSalma_Ohio

Dada Aisha pole sana, umenigusa. Nimemsomea binti hapa, kanyamaza kidogo akauliza "kwa hiyo wanawazalisha huku wanajua?" sikuwa na jibu. Silkibeki katoka kwenye orodha, kakata yeye mwenyewe kwa kalamu.

Balbu Mzee ni kweli ilikuwa nyekundu! Sikuwaza kabisa. Lakini hiyo heti 66% bado sijaelewa, ni asilimia sitini na sita ya nini? Ana haipo theluthi mbili?

MzeeWaKioo

Hapana mkuu, haimaanishi ana haipo nusunusu. Haipo ni jeni fiche, ili ionekane lazima mtoto apate nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Akipata moja tu kwa macho ni wa kawaida ila kaibeba ndani, huyo ndo wanamwita heti.

Sasa chukua baba heti na mama heti. Katika watoto wanne kwa wastani mmoja atakuwa haipo wa kuonekana, wawili wamebeba, mmoja hana kabisa. Yule haipo unamtambua kwa kucha zake unamtoa pembeni. Wanabaki watatu wanaofanana kama maharage ya kopo moja, na kati ya hao watatu, wawili wamebeba. Wawili kwa tatu ndo hiyo 66. Maana yake ni bahati nasibu, muuzaji mwenyewe hajui huyo wa kwako ni yupi. Heti 100% ni yule ambaye mzazi mmoja ni haipo wa kuonekana, hapo lazima kabeba. Heti 50% ni heti kwa wa kawaida, sarafu tu.

Na kwa mtu asiyetaka kuzalisha hiyo heti faida yake ni sifuri. Haionekani, haimfanyi mjusi mzuri wala mpole. Katika zile dola 180 unalipia ledabeki, kisha unalipia rangi ya balbu, kisha unalipia bahati nasibu ambayo hutaicheza.

Tafadhali msinielewe vibaya, sisemi mofu ni mbaya. Wangu niliyenaye ni haipo transi, nampenda macho yake yale meusi. Nasema lipia unachokiona.

Mkwaju_Pretoria

Wadau, naingilia kidogo kwa sababu Witblits imetajwa na hiyo ni mofu ya huku kwetu. Mimi Mtanzania niko Pretoria mwaka wa kumi na moja. Witblits ilianzia Afrika Kusini, kwa wafugaji wa huku, na jina ni la gongo, pombe kali ya kienyeji ya zabibu, kwa Kiafrikaansi maana yake radi nyeupe. Mjusi hana mchoro hata mmoja mgongoni, rangi imepauka sawasawa kuanzia kichwani hadi mkiani kama mchanga wa pwani ukiwa umekauka. Nayo ni jeni fiche kama haipo. Watu wanaichanganya na ziro, tofauti yake kwa haraka ziro anaelekea fedha na kijivu, rangi karibu hana, na mara nyingi ana mawaa ya giza mabegani, Witblits anabaki na joto la rangi fulani, krimu, manjano hafifu.

BabaSalma umesema kwenu mjusi anafukuzwa na fagio, hahaha nimekumbuka nyumbani Mwanza. Lakini yule mjusi wa kwenye mawe ya Mwanza, dume lenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe, huyo ni ukoo mmoja na biadi, wote ni agama. Ile pushapu biadi anaifanya vilevile, na ile rangi kuwaka akipata jua na kuzima akiogopa ni mambo ya ukoo. Utotoni tulikuwa tunamrushia mawe yule, leo nalipa umeme wa ndugu yake.

Mwambie Salma hilo, atapenda.

Neema_Hamburg

Habari zenu. Mi nafanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya wanyama hapa Hamburg na reptilia ninawaona kila wiki, na karibu kila biadi anayeletwa mgonjwa mofu haikumsaidia wala haikumponza, kilichomponza ni taa. Kwa hiyo nauliza mbona hamna mtu aliyeuliza kioo kiko tayari?

Kaka, kabla ya mjusi nunua hivi. Kioo cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, mtoto anaweza kuanza humohumo, hapotei. Taa ya UVB (mwanga usioonekana kama ule wa jua) ya mrija mwembamba unaoitwa T5, nguvu ya asilimia 10 au 12, iwe ndefu angalau nusu ya kioo, sio ile balbu fupi ya kuzungusha kama balbu ya jikoni. Kumbuka taa ikikaa juu ya wavu, wavu unakula sehemu kubwa ya mwanga. Badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, maana jicho letu halioni UVB ikiisha. Sehemu ya kuotea jiwe lifike 38 hadi 42 sentigredi, pima juu ya jiwe lenyewe, upande wa baridi 24 hadi 29. Usiku taa zote zima. Bila UVB na kalsiamu mifupa inalainika, taya linakuwa kama raba, mgongo unapinda. Nimewashika hao mikononi na wapo waliokuwa wamenunuliwa kwa zaidi ya yuro 500.

Jumamosi ukifika, kabla ya kucha na macho fanya hivi. Mwombe muuzaji amtoe, umweke kwenye kiganja. Biadi mzima anainua kichwa, anakutazama, macho yamejaa hayajazama. Tazama chini ya mkia pawe pasafi, hamna kinyesi kilichogandia. Hesabu vidole, angalia ncha ya mkia, ndugu zake wanatafunana wakibanwa pamoja. Mgeuze kidogo tumboni, ukiona michoro ya giza kama mayai mayai hiyo ni baridi au msongo, muulize amewekwa wapi. Kisha mwambie amlishe mbele yako. Na asiwe chini ya wiki nane, urefu kama sentimita 15 hivi na ncha ya mkia.

Muulize pia kuhusu adenovirusi, kirusi cha biadi. Watoto wengi wa biadi wanakuwa nayo, wengine wanadumaa tu, wanakula na hawakui, wengine wanakufa, na mkubwa anaweza kuibeba bila dalili. Kuna kipimo cha maabara kinaitwa PCR, kinatafuta jeni za kirusi, wanachukua ute au kinyesi. Mfugaji anayepima wazazi wake atakwambia kwa fahari, asiyepima atakukatisha.

Mwisho, salmonela. Wanaibeba wakiwa wazima kabisa. Kunawa mikono kila akimgusa, bakuli lake lisioshwe sinki ya jikoni, hakuna kumbusu. Kama una mdogo wa chini ya miaka mitano hapo nyumbani asimshike.

BabaSalma_Ohio

Dada Neema umenisaidia kupita kiasi, kioo kweli sikuwa nacho, muuzaji alitaka kuniuzia boksi la sentimita 60 "la kuanzia". Nimepata cha 120 mtumba kwa jirani, taa nimeagiza T5. Mdogo yupo ana miaka mitatu, kwa hiyo kioo kitakaa chumbani kwa Salma na mlango utafungwa.

Swali dogo la chakula. Mke wangu anauliza hawa wanakula mboga gani, anasema hataki kupika mara mbili 😀

Aisha_wa_Toronto

Mwambie shemeji sukuma wiki! Ile ile tunayokula, mafungu ya majani mapana dukani huko kwenu, ibichi, ikatwe nyembamba kama ya kupika. Ndo mboga bora kabisa kwa biadi, kalsiamu ipo nyingi. Majani ya haradali sawa, boga likwaruzwe bichi sawa. Mchicha na spinachi achana nazo, zina oksaleti inashika kalsiamu isitumike mwilini. Parachichi ni sumu kwake, marufuku. Na vimulimuli, mkiwa na bustani msimu wa joto, mmoja tu anaua, usimwache mtoto akamwokotea mdudu wa nje.

Akiwa mdogo wadudu ndo wengi, nyenje, mende wa dubia, wasizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili, na wapakwe unga wa kalsiamu kabla. Akikua unageuza, mboga zinakuwa nyingi wadudu wachache, la sivyo ananenepa hovyo.

BabaSalma_Ohio

Wakuu nimerudi, ni Jumamosi usiku. Naandika mrejesho kama mlivyoniomba.

Tumefika asubuhi mapema watu hawajajaa. Salma alikuwa na daftari lake, kaandika maswali yenu yote. Nikamwomba muuzaji azime ile balbu nyekundu, akasita, akazima. Yule wa chungwa rangi ikashuka ikawa udongo tu, wala si mbaya, ila si ile. Kisha kiganjani alilala, kichwa hakuinua, tumboni ile michoro ya mayai imejaa. Alipowekewa nyenje alimtazama akafumba jicho. Tukaomba picha za wazazi, hazikuwepo. Kuhusu kipimo cha adenovirusi alituambia biadi wake hawaugui, akageukia mteja mwingine.

Sasa sikilizeni. Wa kwanza, yule wa dola 60, hakuwa wa muuzaji yule kumbe, alikuwa meza ya jirani, mama mmoja mtu mzima, mi nilichanganya kwa sababu ya ule umati. Huyu mama ana picha za baba na mama kwenye simu, ana karatasi ya kipimo ya miezi miwili iliyopita, ana tarehe waliyoanguliwa, wiki kumi sasa. Alimtoa, Salma akamweka kiganjani, yule mjusi akainua kichwa akamkazia macho mtoto kama anamuuliza wewe ni nani. Tukawasha tochi ya simu, tukapiga kucha mguu mmoja mmoja. Mistari ipo, kahawia imenyooka, 20 zote. Vidole 20. Macho yana duara la shaba. Salma akaandika kwenye daftari: "wa kawaida, amethibitishwa".

Kamlisha nyenje wanne palepale, tukalipa 60, tumekuja naye. Zile 120 zilizobaki kwa kutomchukua wa 180 zimeingia kwenye taa na jiwe la kuotea. Salma kamwita Tanga. Kabla hatujazima taa alikuwa kalala amebana tumbo kwenye jiwe, limesoma 39. Jioni Salma alimwonyesha video ya yule mjusi wa Mwanza akipiga pushapu, Tanga akamtikisia mkono mmoja polepole hewani, tukacheka sana, ila nauliza hiyo ya kutikisa mkono ni kitu cha kawaida au ni ugonjwa?

Neema_Hamburg

Ni kawaida kabisa, anasema "nimekuona, sitaki ugomvi", wadogo wanafanya sana. Hongereni jamani nimefurahi. Siku tatu nne za kwanza msimshikeshike, muacheni azoee, akigoma kula siku mbili msiogope. Kinyesi cha kwanza kikitoka kiwekeni kwenye kikopo safi, kifungeni, mkipeleke kwa daktari wa reptilia siku hiyohiyo wakiangalie koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) na minyoo.

Mkwaju_Pretoria

Tanga! Jina limekaa. Weka picha akishaota vizuri saa nne, usimpige saa moja asubuhi.